Zamu inaisha saa sita usiku, basi la mwisho ni saa nne na nusu: ile ruzuku ya serikali iko wapi?

Swali: Mimi ni mama Mkongo, nilifika Marekani mwaka 2016 nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tuko watu 23, wengi wa kanisa moja, tunafanya kazi katika ghala lililo ng'ambo ya mto, ambako tayari ni jimbo jingine. Zamu yetu inaanza saa tisa na nusu alasiri na kuisha saa sita usiku. Basi la mwisho linapita saa nne na nusu. Kwenda tunapanda basi. Kurudi tunamlipa mtu mwenye gari, dola 8 kila kichwa kila usiku. Kanisa lina gari la viti 15. Tumesikia kuna ruzuku ya serikali kuu inaitwa JARC, ya kuwafikisha kazini watu wa kipato kidogo. Fomu yake tunaipata wapi? Tafadhali usitaje mji wetu, kazi bado tunaihitaji.

Jibu: Mama, aliyewapa habari hiyo hakuwadanganya, ila habari yenyewe imechacha. Fungu la JARC lilifutwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012, na fomu yenye jina hilo huwezi kuipata tena popote. Lakini kazi iliyokuwa ikilipiwa na fungu lile inaruhusiwa kulipiwa na fedha za serikali kuu hadi leo. Fedha zenyewe zimetiwa ndani ya mfuko mkubwa zaidi, mfuko uko mkononi mwa shirika la mabasi la mji wenu, na hakuna sheria inayolilazimisha shirika hilo litoe hata dola moja kwa ajili ya watu wa saa sita usiku. Kwa hiyo acheni kutafuta fomu. Mtafuteni mwenye mfuko.

Nianze nyuma kidogo, kwa sababu historia hii ndiyo mtakayoitumia mkikaa mezani nao.

Mwaka 1996 Marekani ilibadilisha mfumo wake wa misaada kwa familia maskini. Msaada uliokuwa haki ukawa wa muda, wenye sharti la kufanya kazi. Ndipo ilipozaliwa TANF mnayoijua. Shida ikajitokeza palepale. Waliotakiwa kwenda kazini walikuwa wakiishi katikati ya miji, wengi hawana gari, na kazi zenyewe zilikuwa zimeshahamia pembezoni: maduka makubwa kando ya barabara kuu, viwanda vipya, maghala. Mabasi yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mtu wa ofisini anayeingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Anayesafiri kinyume chake, asubuhi kwenda nje na usiku kurudi ndani, hakuwemo katika hesabu.

Kuna msichana mmoja ambaye jina lake linatajwa sana katika habari hizi, Cynthia Wiggins, mwenye umri wa miaka 17, wa Buffalo, jimbo la New York. Alikuwa na mtoto mdogo, na alifanya kazi kwenye sehemu ya chakula ya maduka ya Walden Galleria, nje ya mji. Basi lake, namba 6, lilitoka mtaa wa watu weusi na halikuingia katika eneo la maduka. Lilimshusha ng'ambo, kando ya barabara yenye njia saba za magari. Desemba 1995, akivuka kwenda kazini, aligongwa na lori la kubeba mchanga, akafariki mwanzoni mwa Januari 1996. Kesi ilimalizwa mwaka 1999 kwa malipo ya dola milioni 2.55. Mimi nikifikiria usafiri wa wafanyakazi, naiona ile barabara kwanza. Ramani ilionyesha kwamba basi linafika kwenye maduka yale. Miguu ya yule binti ilijua kwamba halifiki.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya usafiri, na ndani yake likaweka JARC: hadi dola milioni 150 kwa mwaka, kwa miradi ya kuwafikisha kazini watu wa kipato kidogo na kwa safari za kinyume. Mwaka 2005 fungu likageuzwa, likawa linagawanywa kwa hesabu maalumu: asilimia 60 kwa miji yenye watu zaidi ya 200,000, asilimia 20 kwa miji midogo, na asilimia 20 kwa vijijini. Kisha sheria ya mwaka 2012 ikalifuta kama fungu linalojitegemea na kuitia shughuli yake ndani ya mifuko miwili ya kawaida: ule wa miji, unaojulikana kwa namba 5307, na ule wa vijijini, 5311. Zikariri namba hizo, Mama. Ukiingia ofisini na kusema "JARC", kijana wa mapokezi atakutazama tu. Ukisema "mradi wa kufikisha watu kazini chini ya 5307", ataita mtu.

Sasa nifike mahali ambapo hata wafanyakazi wa mashirika haya hujikwaa. Mfuko wa 5307 una sharti gumu: katika mji wenye watu zaidi ya 200,000, kwa kawaida fedha zake hununua vitu, yaani mabasi, gereji, vituo, matengenezo. Hazilipi mshahara wa dereva wala mafuta. Kuna msamaha kwa mashirika yenye mabasi machache, na kuna msamaha mwingine unaowahusu ninyi: mradi uliobuniwa kuwapeleka kazini watu wa kipato kidogo unaweza kulipiwa gharama za uendeshaji, hata katika mji mkubwa. Mnaona maana yake? JARC kama mfuko imekufa, lakini kama ufunguo ipo. Meneja akiwaambia, "Tungependa kuongeza basi la usiku, ila fedha za serikali kuu haziruhusu kulipa madereva," mjibuni kwa adabu kwamba kwa safari ya namna hii zinaruhusu. Nimewahi kuwaona watu wazima wenye digrii wakienda kufungua mwongozo baada ya sentensi hiyo.

Na kwa hesabu ya mgao wenyewe, asilimia 3.07 ya mfuko wa 5307 hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu wa kipato kidogo katika kila mji, yaani walio chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini. Kwa viwango vya mwaka 2025, familia ya watu sita iko chini ya kiwango hicho cha asilimia 150 ikiwa inapata pungufu ya dola 64,725 kwa mwaka. Pigeni hesabu majumbani mwenu. Nadhani wengi wenu mmo. Kwa maneno mengine, mji wenu unapata sehemu ya fedha zake kwa sababu ninyi mnaishi hapo. Halazimishwi mtu kuzitumia kwa ajili yenu, lakini hoja hiyo ina uzito mkutanoni, na sijasikia mtu akiipinga usoni.

Fedha za serikali kuu hazilipi gharama yote. Kwa uendeshaji hulipa mwisho nusu ya pengo. Kwa kununua magari hulipa hadi asilimia 80. Tuseme, kwa mfano tu, safari ya usiku wa manane inagharimu dola 120,000 kwa mwaka na nauli zinaleta 20,000. Pengo ni 100,000. Washington inaweza kubeba hadi 50,000, na zile 50,000 nyingine zitoke hapo mlipo. Nauli haihesabiki kama mchango. Lakini mwajiri anaweza kuchanga, kaunti inaweza kuchanga, na, jambo ambalo wengi hawalijui, fedha nyingine za serikali kuu zisizotoka wizara ya uchukuzi, kama TANF, zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango wa ndani. Ndiyo maana mkutano wenye shirika la mabasi peke yake haufiki mbali. Aliyekosekana mezani mara nyingi ndiye mwenye ile nusu ya pili.

Je, kanisa lenu linaweza kuomba lenyewe? Moja kwa moja kwa Washington, hapana. Fedha za 5307 hupokelewa na shirika la umma lililoteuliwa, na chama kisicho cha faida huingia kwa makubaliano na shirika hilo. Na hata likikubali, fikirini mara mbili. Gari linalolipiwa na mfuko huu ni usafiri wa umma: haliwezi kuwa la Wakongo tu, wala la kanisa moja. Dereva atapimwa dawa za kulevya na pombe kwa utaratibu wa serikali kuu, vitabu vya hesabu vitakaguliwa, na ripoti zitadaiwa hata mwezi ambao gari limelala gereji. Nimeona kikundi cha kina mama wachapakazi kikivunjika kwa sababu ya ripoti, wala si kwa sababu ya mafuta. Afadhali shirika liendeshe, ninyi mlete abiria na ushahidi.

Ushahidi huo sasa. Katika kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 kuna chombo cha mipango ya usafiri kinachokaa juu ya mashirika yote. Louisville kinaitwa KIPDA, Columbus kinaitwa MORPC, Cincinnati ni OKI, Boise ni COMPASS. Tafuteni cha kwenu. Chombo hicho kina orodha ya miradi ya miaka minne, na mradi usiomo katika orodha hiyo haulipwi na serikali kuu, hata ungekuwa mzuri namna gani. Kabla ya kuipitisha wanalazimika kuiweka wazi na kupokea maoni ya wananchi. Shirika la mabasi nalo lina bodi, na kwa kawaida mwananchi anapewa dakika tatu za kuzungumza. Ulizeni tarehe zote mbili wiki hii, na mkihitaji mkalimani ombeni mapema, kwa maandishi.

Siku hiyo msiende na kilio. Nendeni na karatasi moja yenye mambo matatu: watu wangapi, wanaishi karibu na kituo kipi, wanatakiwa kufika na kuondoka saa ngapi. Nilipokuwa nikifanya kazi ya mipango katika mji mwingine, tulichora njia mpya ya kwenda eneo la viwanda. Ramani ilipendeza kweli. Asubuhi ya kwanza nilipanda basi lile mwenyewe: tulikuwa watatu pamoja na dereva. Zamu ilikuwa inaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, nasi tulifika geti la kiwanda saa kumi na moja na dakika hamsini. Mlinzi alituonyesha uwanja uliojaa magari mabovu mabovu, ya watu wanaopeana lifti. Mwaka mzima wa mikutano, na hakuna kati yetu aliyekuwa amepiga simu kuuliza zamu inaanza saa ngapi.

Ndiyo sababu pia siwezi kukusifia kila mradi wa aina hii. Miaka ya tisini serikali ilijaribu mpango mkubwa katika miji mitano, Baltimore, Chicago, Denver, Milwaukee na St. Louis, wa kuwachukua watu wa mitaa ya ndani kuwapeleka kwenye kazi za pembezoni, na watafiti wakawalinganisha baadhi yao na wenzao wasiopata huduma hiyo. Kwa ujumla hawakuona tofauti ya maana katika ajira wala kipato. Wengi walipata kazi karibu zaidi, au walichoka na safari ndefu kwa mshahara uleule. Lakini ninyi hamwendi kutafuta kazi. Kazi mnayo, na mnailinda kwa dola 8 kila usiku. Mradi wenye abiria 23 wanaojulikana kwa majina kabla gari halijawashwa ni kitu ambacho mpangaji hukiota.

Na hizo dola 8 mzihesabu kwa sauti. Dola 40 kwa wiki kwa mtu mmoja, mara watu 23 ni dola 920. Kwa wiki 50 ni dola 46,000 kwa mwaka, zinatoka katika mifuko ya wapakiaji wa mizigo kwenda kwa mtu mwenye gari. Karatasi ya hesabu hiyo iwekeni mbele ya mwajiri. Yeye ndiye wa kwanza wa kumwona, hata kabla ya bodi, kwa sababu tatu. Kwanza, anaweza kutoa barua ya kuthibitisha zamu na idadi, na barua ya mwajiri huwa na nguvu kuliko sahihi mia. Pili, anaweza kuchangia ile nusu ya pili. Tatu, anaweza kufanya jambo lisilogharimu chochote: kusogeza zamu. Sijui zamu yenu inasogezeka kiasi gani, ila nimeona dakika ishirini zikifanya kazi ambayo basi jipya lingeifanya kwa fedha nyingi. Kwenu pengo ni saa moja na nusu, haliwezi kuzibwa lote hivyo, lakini shirika likikubali kusogeza basi la mwisho kidogo na mwajiri akasogeza zamu kidogo, mnakutana njiani.

Nije kwenye gari la kanisa, maana najua mtaanza nalo kesho, ruzuku au bila ruzuku. Nitasema wazi: msilitumie kama lilivyo. Magari ya viti 15 yana historia mbaya ya kupinduka yakijaa. Idara ya usalama barabarani ya serikali kuu ilionya mwaka 2001 kwamba yakiwa na watu 10 au zaidi, uwezekano wa kupinduka katika ajali ya gari moja unakaribia kuwa mara tatu ya yakiwa na watu wachache. Mzigo juu ya paa ni marufuku, matairi ya zamani ni marufuku, na watu wote wafunge mikanda hata kama ni usiku na wamechoka. Halafu kuna bima. Bima ya kanisa iliandikwa kwa ajili ya Jumapili. Siku mtakapotoza hata dola 3 kwa kichwa, kampuni ya bima inaweza kusema hiyo ni biashara na kukataa kulipa. Na ninyi mnavuka mto, mnaingia jimbo jingine: gari la kulipiwa lenye viti 15 au pungufu linalovuka mpaka wa jimbo linatakiwa na serikali kuu kuwa na bima ya dola milioni 1.5. Sheria hiyo imeacha upenyo kwa gari la watu chini ya 16 linalofanya safari moja tu kwa siku ya kwenda kazini na kurudi. Ninyi ni 23, gari litalazimika kurudia, na hapo upenyo unaziba. Mwoneni wakala wa bima kabla ya dereva.

Njia nyepesi zaidi ni magari ya kuchangia safari yanayosimamiwa na umma. Chombo cha mipango au shirika la mabasi linatoa gari, bima na matengenezo. Mmoja wenu anaendesha. Mnalipa ada ya mwezi. KIPDA ya Louisville wanao mpango wa namna hii, na maeneo mengi wanao. Kwa watu 23 mngehitaji mawili. Mwajiri anaruhusiwa na sheria ya kodi kuwalipia usafiri wa aina hiyo, kwa mwaka 2025 hadi dola 325 kwa mtu kwa mwezi, bila fedha hizo kukatwa kodi kama mshahara. Wakuu wa utumishi wengi wanaijua sheria hii kwa wafanyakazi wa ofisini. Wakumbusheni kwamba wa ghalani wamo pia. Na kwa kuwa zamu yenu inaanza alasiri, wakati mabasi yanapita, ulizeni kama ada inaweza kupungua mkitumia gari kwa kurudi tu. Nimeona mahali pamoja walikubali.

Mambo mengine kwa haraka. Kituo cha ajira cha mji huweza kumpa aliyejiandikisha kwao msaada wa nauli kwa muda. Shirika lililowapokea mlipofika liulizwe kama lina mpango wa akiba kwa wakimbizi, ule ambao kila dola unayoweka inaongezwa dola nyingine, hadi dola 2,000 kwa mtu au 4,000 kwa nyumba, na gari la kwendea kazini ni moja ya vitu vinavyoruhusiwa kununuliwa. Una miaka mingi nchini, huenda muda wako umepita, lakini kati ya watu 23 hawakosi waliofika juzi.

La mwisho ni dogo na nusura liharibu kazi ya mwaka mzima. Kwenye mkutano mmoja wa bodi mzee wetu alisimama akasema kwa Kiswahili safi kwamba zamu yao inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mkalimani, kijana aliyekulia hapa, akatafsiri kumi na moja kwa kumi na moja. Wajumbe wakatazama ratiba, wakaona mabasi tele ya saa hiyo, yaani saa tano asubuhi kwetu, wakamshukuru mzee na kuita jambo linalofuata. Ilichukua miezi miwili kupata nafasi nyingine kwenye ajenda. Karatasi yenu isiwe na "saa sita usiku" wala "6". Andikeni 12:00 a.m., na chini yake 3:30 p.m., kwa herufi kubwa.